Kuchelewa Kuna Wenyewe

Kando ya makaburi yetu limezoeleka neno moja: "Kiharusi hakina dawa." Wafiwa hulisema kwa unyonge, majirani hulisema kwa huruma, na si mara moja mhubiri wa mazishi mwenyewe amelikariri, kisha akaeleza kwamba saa ya marehemu ilikuwa imefika. Makala hii imeandikwa kulipinga neno hilo. Saa ya marehemu wengi haikuwa imefika, ilisogezwa. Ilisogezwa na gari la wagonjwa lililokosa mafuta, na dirisha la malipo lililowekwa mbele ya mlango wa daktari, na chumba cha mashine kilichofungwa kwa kufuli tangu alasiri. Mambo hayo yana watu waliokabidhiwa, na yana mafungu yake katika bajeti. Kumtwisha Mwenyezi Mungu lawama hiyo ni kufuru, hata kama inatamkwa kwa sauti ya ibada.

Ndugu msomaji, ili tuelewane hatuna budi kwanza kujua ugonjwa wenyewe. Ubongo hulishwa na damu. Mshipa ukizibwa na damu iliyoganda, au ukipasuka, sehemu ya ubongo iliyotegemea mshipa huo huanza kufa pale pale. Uso hupinda, mkono hukosa nguvu, maneno hukokoteka au hupotea kabisa. Mwaka 2006 daktari mmoja wa Marekani alipiga hesabu ya hasara hiyo: mshipa mkubwa ukizibwa, mgonjwa asiyetibiwa hupoteza takriban seli 1,900,000 za ubongo kwa kila dakika. Katika muda wa kusali tendo moja la Rozari, seli milioni kadhaa zimekwisha kufa, wala hazifufuki.

Je, ni kweli kwamba hakuna dawa? La hasha. Mwezi Desemba 1995 yalichapishwa huko Marekani matokeo ya majaribio ya dawa iitwayo alteplasi, ambayo huyeyusha damu iliyoganda. Wagonjwa waliopewa ndani ya saa 3 tangu dalili kuanza walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa asilimia 30 au zaidi, ya kubaki bila ulemavu au na ulemavu mdogo tu baada ya miezi 3, kuliko wale ambao hawakupewa. Mwaka 2008 watafiti wa Ulaya walionyesha kwamba dawa hiyo husaidia hadi saa 4 na nusu. Mwaka 2015 ilithibitishwa kwamba bonge la damu laweza kuvutwa na kutolewa kwa waya mwembamba unaopitishwa katika mshipa wa paja. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza alteplasi, kwa ajili ya kiharusi, katika orodha yake ya dawa za lazima. Dawa ya lazima si anasa ya matajiri. Ndiyo maana ikaitwa hivyo.

Lakini dawa hiyo si ya kila mgonjwa. Aliyepasukiwa mshipa akipewa, yaweza kumwua. Na hakuna daktari, hata awe hodari namna gani, awezaye kutambua kwa macho yake kama mshipa umeziba au umepasuka. Lazima ipigwe picha ya kichwa kwa mashine ya CT. Kwa sababu hiyo habari yote ya kiharusi yategemea vitu viwili: saa, na picha. Mwenye kuchelewesha kimojawapo amekwisha kutoa hukumu, ingawa hakuvaa joho la hakimu.

TUHESABU SAA

Tumchukue mama wa miaka 58, mkulima, mkazi wa kijiji chochote kilicho mbali na barabara ya lami. Ameanguka saa 12 asubuhi akiwasha moto. Kwa hesabu ya madaktari, dawa ya kuyeyusha damu itamfaa hadi saa 4 na nusu asubuhi. Saa ya kwanza inapita watu wakimpepea, wakimnywesha maji yanayompalia, wakimtafuta mume wake shambani. Saa ya pili inapita wakitafuta pikipiki. Na mtu aliyepooza upande mmoja hawezi kukaa juu ya pikipiki, basi anafungwa kwa kanga mgongoni kwa dereva. Saa 2 na nusu wako zahanati. Muuguzi anapima shinikizo la damu, anakuta limepanda mno, anaandika barua ya kwenda kituo cha afya. Kituo cha afya kinaandika barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Hospitali ya wilaya inaandika barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa. Ngazi hizi za rufaa zilibuniwa kwa magonjwa yanayoweza kungoja, na kila ngazi hufanya kazi yake kwa uaminifu, kwa mhuri na kwa sahihi. Na mama yule anafika mkoani jioni, au kesho yake, akiwa na barua tatu safi na nusu ya mwili iliyokufa. Na huyo ni wa bara. Aliyeangukia Ukerewe usiku, wakati meli ya Mwanza imekwisha kuondoka, anangoja mapambazuko.

Hapo ndipo husikika sauti ya wakubwa: "Wananchi wanachelewa kufika hospitali, wanaanzia kwa waganga wa kienyeji." Nimeisikia sauti hiyo mara nyingi katika semina na katika hotuba. Ina ukweli ndani yake, na ukweli huo tusiufiche. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliolinganisha Dar es Salaam na wilaya ya Hai, ulikuta kwamba watu wengi wa mjini walikihesabu kiharusi kuwa ni kazi ya mapepo au uchawi, ilhali wa kijijini Hai walikuwa wepesi zaidi kutaja sababu za kawaida za mwili. Tazama jinsi mambo yalivyo kinyume cha tulivyodhani! Wanaoishi karibu na hospitali kubwa ndio waliokuwa mbele kumtafuta mganga. Basi ushamba hauelezi jambo hili.

Kinachoeleza ni hiki: watu huenda penye tumaini wanaloweza kulilipia. Mwaka 2011 taifa zima lilishuhudia msururu wa magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kwa shilingi 500. Walitoka mikoa ya mbali, kwa njia mbovu, wengine wakitolewa vitandani hospitalini. Yule anayetuambia kwamba Mtanzania hana usafiri wala mwamko wa kutafuta tiba, ameisahau barabara ya Samunge. Kwa miaka mingi mgonjwa wa kiharusi aliyefikishwa hospitalini aliwekwa kitandani, akatundikiwa maji, akarudishwa nyumbani kama alivyokuja. Jamaa zake waliona. Wakahitimu kutoka katika shule hiyo. Ukitaka wamwache mganga, wape sababu ya kumwacha.

Hata hivyo neno liwaendee pia wale wa nyumbani mwetu. Vipo vikundi vya maombezi vinavyomfungia mgonjwa chumbani, vikikemea pepo tangu jioni hadi alfajiri, na gari limesimama uani. Hakuna fundisho lolote la Kanisa linalodai sala isaliwe mahali pamoja. Sala husaliwa pia ndani ya gari linalokwenda.

GARI LIPO, SIMU IPO

Nchi yetu inajua jinsi ya kumfikisha mgonjwa haraka. Hilo si dhana. Tangu mwaka 2022 umekuwa ukienezwa nchi nzima mfumo uitwao m-mama. Mjamzito aliyepatwa na shida, au mtoto mchanga, hupigiwa simu namba 115 bila malipo. Mhudumu aliye katika kituo cha mkoa huuliza maswali, huamua hospitali ya kumpeleka, huita gari la wagonjwa. Na kama gari hilo halipo, humwita dereva wa kijijini aliyesajiliwa mapema, ambaye hulipwa na mfumo wenyewe na si na familia. Ni kazi njema, na waliyoianzisha wanastahili shukrani zetu.

Basi ninauliza: yule bibi aliyemlea mjamzito huyo, akianguka ndani ya nyumba ile ile, kwa nini dereva yule yule hawezi kuitwa kwa simu ile ile? Kwa nini yeye aambiwe achangie mafuta ya gari la wagonjwa, jambo lililozoeleka mpaka hakuna anayeona haya kulitamka? Kimekosekana kitu kimoja: mwenye mamlaka wa kuandika kwamba kiharusi ni dharura kama uzazi ulivyo dharura, na kwamba mgonjwa wake aruke ngazi zote, apelekwe moja kwa moja penye mashine, na simu itangulie ili wenye mashine wamngoje mlangoni.

Na mashine zimeongezeka. Mwaka 2021 Serikali ilipokea kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa mkopo wa takriban shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya kukabiliana na madhara ya UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ilinunua mashine za CT kwa hospitali za rufaa za mikoa. Zamani ilimlazimu mgonjwa kusafirishwa hadi Muhimbili, KCMC, Bugando au Mbeya. Tunalisifu jambo hilo bila kusita. Lakini mkopo hulipwa, na utalipwa na wananchi wote, pamoja na yule mkulima wa miaka 58 na wajukuu zake. Mashine ile ni yake. Anapofikishwa mbele ya mlango wake usiku na kuambiwa mtaalamu wa picha amekwenda nyumbani, amezuiliwa kuingia katika mali yake mwenyewe.

TUNANGOJA RISITI

Miaka michache iliyopita niliitwa usiku kumpa Mpako wa Wagonjwa mama mmoja katika hospitali ambayo sitaitaja. Nilimkuta juu ya machela katika ukumbi wa mapokezi, uso umepinda, mkono wa kulia unaning'inia. Alinitambua, alijaribu kuniamkia na neno halikutoka. Karatasi ya daktari iliyoagiza picha ya kichwa ilikuwa imeandikwa saa 11 jioni. Mimi niliingia saa 4 usiku. Mashine ilikuwa nzima, katika jengo lile lile, na usiku huo mtaalamu wake alikuwepo. Niliuliza kinachongojwa ni nini. Nikajibiwa kwa adabu kabisa: "Baba, tunangoja risiti." Kijana wake alikuwa anazunguka mjini kwa jamaa na marafiki akikusanya fedha. Mama yule alipata sakramenti kabla ya kupata picha.

Sikumlaumu muuguzi aliyenijibu, wala simlaumu leo. Yeye hakuweka dirisha lile. Dirisha liliwekwa mwaka 1993, ulipoanza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za Serikali, na tangu hapo kila mtawala wa hospitali amejifunza kwamba fedha isiyodaiwa mlangoni haipatikani tena. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bure kwa wazee wasiojiweza. Mzee aliyepooza usiku, asiyeweza kusema, aonyeshe kitambulisho chake kwa mkono upi? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Tuliipokea kwa furaha. Lakini sheria haimfikii mgonjwa kabla ya risiti kama aliye dirishani hajaagizwa, kwa maandishi yaliyobandikwa ukutani, kwamba picha ya kiharusi hupigwa kwanza na hesabu hufuata.

Katiba yetu, ibara ya 14, yasema kila mtu ana haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake. Jirani zetu wa Kenya walikwenda mbele zaidi: katika Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 43, waliandika wazi kwamba mtu yeyote asinyimwe tiba ya dharura. Najua kuandika si kutenda, na Wakenya watatuambia hivyo wao wenyewe. Hata hivyo aliyenyimwa kule ana mahali pa kuweka kidole anapolalamika.

Mwinjili Yohane anasimulia habari za mtu aliyelala kando ya birika la Bethzatha, mgonjwa kwa miaka 38. Maji yalikuwepo mbele yake. Kilichomkosesha ni mtu wa kumfikisha kwa wakati, na kila mara mwingine alimtangulia. Tunaposoma Injili hiyo tunashangilia muujiza, na ni haki yetu. Lakini hatuulizi waliokuwa na nguvu za kumbeba walikuwa wapi katika miaka hiyo yote 38.

Na hospitali zetu wenyewe? Papa Yohane XXIII katika waraka wake wa mwaka 1963, Pacem in Terris, aliihesabu huduma ya matibabu miongoni mwa haki za binadamu. Mwaka 1992 Makanisa yalitia saini makubaliano na Serikali juu ya huduma za jamii, na hospitali zetu nyingi zikawa hospitali teule za wilaya. Ziko mahali ambapo hakuna nyingine. Ninajua madeni yake, ninajua jinsi ruzuku inavyochelewa, na jinsi madaktari wanavyohamia kwenye mishahara ya juu zaidi. Pamoja na hayo yote, hospitali yenye msalaba langoni inapodai amana kabla ya kumgusa mtu aliyeanguka asubuhi hiyo, msalaba ule umegeuzwa kuwa alama ya biashara. Msamaria wa Injili alimfunga majeruhi vidonda kwanza. Habari za fedha alizizungumza na mwenye nyumba ya wageni kesho yake.

YASIYOHITAJI MASHINE

Wapo watakaojibu kwamba nchi ni maskini, dawa ya kuyeyusha damu ni ghali, na kwamba hata tukifanya haraka wengi hawatapewa. Jibu hilo lingekuwa na uzito kama haraka ingemfaa tu anayepewa dawa ile. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha jambo linalopasa kusomwa katika kila wodi: wauguzi walipofundishwa kufuata utaratibu wa mambo matatu katika siku za kwanza, yaani kushusha homa, kudhibiti sukari, na kupima kama mgonjwa anaweza kumeza kabla ya kumlisha, idadi ya waliokufa au kubaki tegemezi ilipungua kwa kiasi kikubwa. Kipimajoto, kipima sukari, na kijiko cha maji! Wagonjwa wetu wengi hawauawi na kiharusi chenyewe. Wanauawa na uji uliolishwa kwa upendo, ukaingia mapafuni. Vivyo hivyo aliyepigwa picha ikaonyesha kwamba hakuvuja damu, akianzishiwa aspirini ndani ya siku mbili, hupunguza hatari ya kiharusi cha pili. Na aspirini ni dawa ya bei ya peremende. Ila asimezeshwe nyumbani kabla ya picha, wala zahanati isikimbilie kumshusha shinikizo kwa ghafla, kwa maana ubongo ulionyimwa damu huzidi kunyimwa.

Wala tusidanganywe kwamba huu ni ugonjwa wa wenye magari. Watafiti waliowahesabu wagonjwa katika Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 walikuta, baada ya kusawazisha tofauti za umri, viharusi vipya takriban 109 kwa mwaka kwa kila watu 100,000 huko Hai, na 316 huko Dar es Salaam. Kiwango hicho cha Dar es Salaam kilizidi cha nchi nyingi tajiri. Shina lake kubwa ni shinikizo la damu, na Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu nusu ya wenye shinikizo duniani hawajijui. Jumuiya Ndogo Ndogo hukutana kila juma. Mashine ya kupimia shinikizo yaweza kununuliwa kwa michango ya jumuiya moja, na yupo muuguzi mstaafu karibu kila kigango.

Jumuiya hiyo hiyo ijifunze dalili tatu: uso, mkono, maneno. Ijifunze kumlaza mgonjwa ubavu, kutompa chakula wala kinywaji, na kuiandika saa ambayo alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Swali hilo ndilo la kwanza ambalo daktari atauliza, na mara nyingi hakuna ajuaye kulijibu, kwa kuwa wote walikuwa wanalia.

Lakini nisieleweke vibaya. Tukifanya yote hayo, tukakimbia na mgonjwa wetu hadi langoni, na lango likabaki kama lilivyo, tutakuwa tumemharakisha kwenda kungoja. Kila hospitali ya rufaa ya mkoa ina bodi, na ndani ya bodi wamo wanaosema kwa niaba ya wananchi. Baadhi yao ni waumini wetu, hupokea Komunyo pamoja nasi. Katika kikao kijacho waulize mganga mfawidhi: mwezi uliopita walifikishwa hapa wagonjwa wangapi wa kiharusi, na kila mmoja alingoja dakika ngapi tangu langoni hadi kwenye picha? Usiku je? Siku ya Jumapili je? Waulize pia ni nani mwenye ufunguo wa chumba cha mashine baada ya saa 9 na nusu, na anaishi wapi. Wakijibiwa kwamba hesabu hizo haziwekwi, daftari lianzishwe siku hiyo hiyo, liwekwe mapokezi, na liwe na nafasi tatu: saa ya kuanguka, saa ya kufika, saa ya picha.